Povu Jeupe

Sikudhani alikuwa uani akifua vitambaa vyake vya hedhi, ingawa vilikuwa safi. Mwaka mzima hakuwa ameona damu. Nesi alimwambia hedhi imekoma, neno lile lile wanalofokewa watoto watundu: koma! Hakumwambia mtu. Hakuwa na mtoto, na mumewe Hemedi alishaapa kuoa mwingine siku mkewe atakapoacha kuingia mwezini. Kwa hiyo kila mwezi alifua, akaanika chini ya kanga, ncha moja ikichungulia ili waione.

Leo wifi yake, Mwamvua, alikuja kuchota maji bombani, akasimama kando ya beseni.

"Wifi, mbona povu lako jeupe pe?"

"Maji ya kwanza nimeshamwaga."

"Umemwaga wapi? Ua wote mkavu!" Mwamvua akacheka. "Mtu mzima unafua hewa! Ngoja kaka ajue, apeleke posa."

"Wifi, nakuomba. Nifichie."

Mwamvua akajitwika ndoo, akaingia ndani.

Sikudhani akasikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na Hemedi akimsalimia dada yake. Akakamua kitambaa kimoja, akakianika kambani bila kanga juu yake. Maji yakawa yanadondoka mchangani, safi.