Sale la Aikande

Vedastus alilitupa jani mtoni, akalitemea mate lilipokuwa likienda.

Alikuwa amesimama kwenye daraja la miti juu ya Mto Rau, njia ya kupanda Uru. Leso iliyokuwa imelifunga jani hilo ilibaki mkononi mwake. Mwalimu wake, Aikande, alimpa leso hiyo asubuhi, chumbani kwake mtaa wa Soweto, mjini Moshi, akiwa kitandani. Ugonjwa ulikuwa umemla hadi sauti. "Mpe baba yangu mkononi," alinong'ona. "Atajua." Vedastus aliifungua njiani, akakuta sale.

Mlimani hata mtoto anajua maana ya sale. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na ni vigumu kwa anayeletewa kukataa kusamehe. Damu ilimpanda kichwani. Mwalimu aombe radhi? Yeye? Tena jani lenyewe lilikuwa limekauka hadi likawa na rangi ya udongo, kama vile alilificha chini ya godoro kwa miezi akiona haya kulituma.

Kosa lake lilikuwa kucheza. Aikande ndiye wa kwanza pale Moshi kupanda jukwaani bila njuga, bila kibwaya, miguu mitupu, akacheza kitu ambacho hakikuwa ngoma ya arusi wala dansi ya baa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wanang'oa mibuni ya babu zao. Yeye akaucheza mbuni: akasimama, akatikisika, akang'olewa, vidole vyake vikiwa mizizi inayokataa kuachia udongo. Wanaume waliokuja kumcheka walitoka wameinamisha vichwa. Hoteli zilipomwita akatikise kiuno mbele ya wapanda mlima, alijibu kwamba kiuno chake hakipo mnadani. Alifundishia katika ghala la kahawa lililobaki tupu, na sasa wanafunzi wake wanacheza Dar na Nairobi. Hata kwaya za Kahe huinua mikono kwa namna yake bila kujua wameitoa wapi.

Na baba yake, mzee Sirili, katekista, alimngoja mlangoni mwa kanisa Jumapili moja akamchapa kofi mbele ya waumini, akasema hana binti. Aikande akashuka mjini, asipande tena. Leo yeye ndiye apige magoti? Vedastus aliapa kwamba mzee atapata ujumbe, lakini si huo.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda langoni pa kihamba chake, shamba la ukoo, migomba nyuma yake. Ilikuwa Jumanne, lakini mzee alivaa koti la Jumapili na viatu vilivyopigwa rangi, fimbo magotini. Mwanawe anakufa, Vedastus aliwaza, yeye anajipamba.

Hakumwamkia.

"Kijana," mzee alisema, "nasikia siku hizi kila kitu kimepanda bei. Na shikamoo nayo?"

"Ninatoka kwa Aikande."

Mzee alishika fimbo, akaanza kuinuka. Vedastus aliona ni hasira, akawahi kuitoa yake. Alimwambia kwamba binti yake ni mkubwa kuliko parokia nzima. Kwamba jina la Sirili litakumbukwa kwa kofi moja tu, basi. Kwamba Aikande hamalizi wiki hii, atazikwa na wanafunzi wake, na mzee asitegemee kuletewa neno lolote kutoka kwake, la heri wala la shari. Wanawake waliokuwa wakipita na majani ya ng'ombe walisimama na mizigo yao kichwani, wakasikiliza.

"Umemaliza?" mzee aliuliza.

"Nimemaliza."

Mzee alirudi kukaa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoijua tangu zamani.

"Yote uliyosema ni kweli. Ndiyo maana Pasaka nilimpelekea sale. Sikuthubutu kushuka mwenyewe, nilimtuma sista. Nikasema, mwambie akinisamehe anirudishie jani langu, hata likiwa limekauka, na siku hiyohiyo nitakuja kwake kwa miguu. Asiponisamehe, akae nalo." Alikung'uta vumbi kwenye kiatu chake. "Tangu hapo navaa hivi kila asubuhi."

Kisha aliutazama mkono wa kulia wa Vedastus, akautazama na wa kushoto.

"Hiyo leso ni ya marehemu mama yake. Aikande alikuwa amefunga nini ndani?"