Imewekwa Tu

Fundi cherehani aliacha kukanyaga cherehani pale shemeji yake alipoiweka bastola juu ya meza ya kukatia nguo, mtutu ukimwelekea yeye.

"Kesho utoke kwenye nyumba ya marehemu kaka yangu," alisema shemeji.

Fundi alilitazama lile tundu jeusi, dogo kama la kifungo.

"Unanitishia kwa silaha, shemeji?"

"Nani kakutishia? Kutishia ni mtu kuishika. Mimi nimeiweka tu."

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye mkeka akifumua pindo la sketi, aliinua uso. "Mbona inamwangalia yeye?"

Mwanawe alisonya. Akaigeuza bastola hadi mtutu ukaelekea kiti kitupu kando ya dirisha. "Haya, mama. Roho yako imetulia?"

Mama aliweka sketi chini. Akainuka kwa kujishikilia ukutani, akajikokota hadi kwenye kile kiti, akakaa. Kifua chake kikawa mkabala na mtutu.

"Sasa mwambie tena mkwe wangu ahame," alisema. "Halafu unieleze hiyo inaitwaje."

Mkono wa mwanawe ulikuwa bado juu ya bastola.