Barabara Inayofuata Nyumba Tupu

Halmashauri ilikuwa imeacha kuvunja nyumba zenye watu. Mtambo wa mipango ulichagua nyumba zitakazokuwa tupu siku ya ujenzi, na haukuwahi kukosea. Atupele alipoona kwenye ramani kwamba barabara mpya ya mchepuko inapita juu ya nyumba yake, alikwenda moja kwa moja ofisi ya mipango.

"Tutakuwa tumehamia wapi?" alimuuliza ofisa mipango.

Ofisa aliinamisha macho. "Mama, mtambo haukuonyesha kwamba mtahama. Na mkandarasi ameshapatikana, kazi inaanza Julai."

Atupele alirudi nyumbani mbio, akamweleza mumewe, Ambakisye. "Tuhame leo hii, baba. Nyumba ikibaki tupu kwa sababu tumeihama, mtambo utakuwa umesema kweli, na sisi tutakuwa hai."

Wakapakia magodoro na watoto wao wawili kwenye guta, wakaenda kwa dada yake Atupele, Subilaga, ng'ambo ya mji. Walimkuta amesimama mlangoni, uso umemsawijika.

"Wapimaji wametoka hapa sasa hivi," alisema. "Mchoro umebadilishwa leo. Barabara inapita kwangu."

Atupele akawashika watoto mikono, asijue awashushe au waendelee na safari.