Tangi la Bi Lorna

Doa la kijani lilikuwa limerudi kwenye bafu la Bi Lorna, na Clem, fundi wa maji, alijizuia asitabasamu.

"Mara ya nne tangu Pasaka," alisema Bi Lorna, mikono kiunoni. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo. "Hapa Gippsland wenzangu wote hujaziwa chokaa kwenye tangi la kuchujia maji mara moja kwa mwaka. Langu lina mdudu gani?"

"Maji ya kisima chako makali, Bi Lorna. Asidi yake ikikosa chokaa ya kula tangini, inakula mabomba ya shaba. Ndiyo hayo madoa."

Hapo hakudanganya. Alichoficha ni kwamba tangi lilitaka magunia mawili ya chenga za chokaa, naye kila safari alimimina moja. Akimaliza kulikuwa na chai, keki za nazi, na Bi Lorna akimtania mpaka jua linapoa. Clem alikuwa amefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Kwake hakukuwa na wa kumtania, na upweke ulimtesa.

Leo kulikuwa na mayai ya kuchemsha pia. Aligonga la kwake mara tatu ndipo likapasuka.

"Kuku wako wanataga mawe siku hizi?"

"Wanakula vizuri. Wivu wa nini?" Kisha Bi Lorna akashughulika na birika, bila kumtazama. "Bosi wako kapiga simu. Anakuja kesho asubuhi kulipima tangi mwenyewe. Anasema haiwezekani chokaa iishe upesi hivyo."

Chai ikamwingia Clem njia ya hewa.

"Mbona umebadilika rangi?"

"Keki tu. Imenikwama."

Akaaga mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Bi Lorna hakumzuia, jambo ambalo lilimuuma. Kesho angefukuzwa kazi, na mlango ule asiuone tena. Akaegesha pikapu nje ya geti, akajitwika gunia la pili, akarudi akinyata nyuma ya nyumba, miaka sitini na minne yote ikimlia magotini.

Mfuniko wa tangi ulikuwa umeshafunguliwa. Bi Lorna alisimama juu ya kigoda, ndoo ya chakula cha kuku mkononi, akirudishia tangini chenga za chokaa kwa upawa, na kuku kumi na mmoja wakimlalamikia miguuni.