Mchaichai Usionukia

Utambi ulizama tena. Mwali ulinywea ukawa kama punje ya mtama, ukazimika ndani ya nta.

Mutinta akapiga meza ngumi. Mwenye hoteli pale Livingstone anakuja kesho kuchukua mishumaa sitini ya nta ya soya, na anataka harufu ijae chumba kizima. Utambi alishaubadilisha, akaweka mnene. Nta aliiacha wiki mbili ikomae. Wapi! Kila akinusa, hamna kitu, basi anaongeza mafuta ya mchaichai. Sasa makopo yote sitini yamejaa mafuta mpaka utambi hauwezi kuyanywa.

Akainamisha pua kwenye kopo, karibu iguse nta. Hamna.

Mdogo wake akaingia, kajiziba uso kwa chitenge. "We dada! Unatengeneza mishumaa au unafukuza mbu? Nalia tangu getini!"

"Acha utani. Kwani inanukia?"

"Inanukia? Inachoma! Na hizo kapenta unaziunguza makusudi?"

Mutinta akageuka. Sufuria ya dagaa ilikuwa kwenye jiko la mbaula, hatua mbili nyuma yake. Moshi mweusi ulikuwa unapanda ukutani. Kapenta zimekuwa mkaa.

Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Akavuta tena.

"Dada, mbona hivyo? Si kapenta tu? Tutanunua nyingine."

Mutinta alichukua chupa ya mafuta ya taa, akafungua kizibo, akaibana chini ya pua. Akafumba macho, akaendelea kunusa. Hamna.