Bastola Iliyoinama

Nyangi alikuwa akiosha dhahabu kwenye karai, kibandani kwake kwenye machimbo ya Masara, kijana mmoja alipommulika machoni.

“Nyanya, lete hiyo dhahabu ama nikupige risasi.”

Nyangi alikinga macho kwa kiganja, akaiona bastola. Tochi kubwa ilikuwa imefungwa chini ya bastola kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nayo iliendelea kuwaka, ikizidi kupata moto. Punde akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Mdomo wa bastola ukalainika, ukainama taratibu kama mshumaa juani.

Ilikuwa ya kuchezea.

Kijana aliguta, akaitupa, akawa anapuliza vidole vilivyobabuka.

Nyangi alishusha pumzi ndefu, kisha akamsogezea karai la maji.

“Tia mkono humu, mjukuu wangu. Lakini polepole, usinimwagie dhahabu.”