Ua la Majani Matupu

Ua gani lisilotoa hata kitu cha kutungia kikuba cha kubandika kifuani? Majani matupu, dirishani mwa mwanangu hapa mtaani Barani, kwenye kopo la maziwa ya unga. Mkewe, Zuleikha, hulifuta jani kwa jani kwa kitambaa cha maji, kama anaogesha mtoto. Mtoto mwenyewe, mwaka wa nne huu tangu waoane, hatujamwona.

Asubuhi hiyo nilimletea chupa nyingine ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi, anywe ashike mimba. Mwanangu alikuwa chumbani na redio yake.

Nikalinyanyua lile kopo ili nikalitupe uani. Kisahani cha chini kilikuwa na maji ya manjano. Nikachovya kidole, nikanusa. Zafarani na marashi!

"Kombe langu unayanywesha majani?"

Zuleikha akaniondolea kopo mkononi, wala hakupandisha sauti. Akagusa jani jipya lililokuwa bado limejiviringa.

"Hili angalau linachipua, mama. Kombe la leo mpe mwanao. Ndiye aliyeambiwa na daktari hana mbegu."

Kule chumbani, sauti ya redio ikapanda.